Ati Mbio Si Zetu? Acheni Uongo

Wacha niseme hii kitu hata kama itauma. Huku kwetu Migori na Homa Bay tumejidanganya miaka mingi: ati mbio ni za watu wa Iten na Eldoret, sisi ni watu wa mpira na samaki. Nani alisema?

Vuka mpaka pale Isebania, pita Sirari, shuka hadi Majita, upande wa Musoma. Ziwa ni lile lile, omena ni ile ile. Huko ndiko alikotoka Suleiman Nyambui. Moscow 1980 alibeba medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Najua mtasema Kenya ilisusia Olimpiki hiyo. Sawa. Lakini kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani mara nne mfululizo, na Wakenya walikuwa huko huko wakisoma na kukimbia. Halafu akashinda marathoni ya Berlin 1987, akarudi 1988 akashinda tena. Kwani Majita ni Iten?

Tofauti ni kocha na nafasi. Nyambui alipata chuo El Paso, Texas, akapata watu wa kumnoa. Alipostaafu akawa kocha, na mpaka Brunei, kanchi kadogo kule Asia, wakamchukua awafundishie vijana. Brunei! Sisi bingwa mstaafu tunamkumbuka siku ya kupiga picha na mgeni rasmi tu.

Nilisoma na msichana mmoja aliyekimbia miguu mitupu na kuwaacha wenzake nusu uwanja. Zawadi yake? Sahani na kikombe. Kocha wake alikuwa mwalimu wa hesabu aliyepewa filimbi asubuhi hiyo. Baada ya kidato cha nne, kimya. Leo anauza omena. Kuuza omena si aibu, mamangu alinilipia karo nayo. Aibu ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumpima kwa saa.

Kwa hivyo viongozi wetu, kabla hamjatuahidi jukwaa lingine la wageni, ajirini mkimbiaji mstaafu mmoja kila wadi. Mpeni mshahara, saa, na watoto wetu. Uwanja bila kocha ni malisho ya ng'ombe tu.