Mkutano usiopiga kura na mtihani wa nchi ya majanichai

MKUTANO wa Mwaka wa Kanisa la Marafiki, linalojulikana na wengi kama Quaker, hauna sanduku la kura. Waumini huabudu, hunyamaza, husikilizana, kisha karani hupima mwelekeo wa kikao na kuandika uamuzi papo hapo. Uamuzi husomwa mbele ya wote. Pakiwa na pingamizi zito, shauri huahirishwa hata kama wanaopinga ni wachache.

Kwa mhariri ambaye kwa miaka mingi amesahihisha habari za chaguzi za makanisa zilizoishia katika kituo cha polisi, utaratibu huo unavutia. Hata hivyo, historia ya Marafiki nchini Kenya haituruhusu kuusifu bila kuuhoji.

Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi zaidi duniani. Takwimu zao za 2012 zilionyesha zaidi ya 140,000. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, wenye makao yake Kaimosi, uliundwa 1946 ukiwa mmoja. Elgon ilijitenga 1973, upande wa kusini ukafuata mwishoni mwa mwongo huo, na leo ipo zaidi ya mikutano 15 inayojitegemea. Pasipo kura, aliyeshindwa hahesabiwi, bali huondoka. Na mara nyingi mipaka ya mikutano mipya imefuata mipaka ya Wabukusu, Wamaragoli na jamaa zao.

Mtihani wa udugu huu uko wazi zaidi Kericho na Bomet, ambako Marafiki walifika mara mbili.

Mara ya kwanza alikuja Willis Hotchkiss, mmoja wa Wamarekani watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi 1902. Baada ya muda mfupi aliwaacha wenzake, akaenda kwa Wakipsigis na kuanzisha Misheni ya Lumbwa. Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ilipita mikononi mwa wamishonari wa World Gospel Mission, ambao ndio walioanzisha Tenwek, karibu na mji wa Bomet. Mti ulioota hapo ni Africa Gospel Church, wala si Kanisa la Marafiki. Wakipsigis wengi wanaolijua kanisa hilo huenda hawajui kwamba aliyefyeka shamba lake alikuwa Quaker.

Mara ya pili Marafiki walikuja na vikapu vya kuchumia chai. Kampuni kubwa zilipofungua mashamba ya Kericho katika miaka ya 1920, vibarua walitafutwa Gusii, Nyanza na nchi ya Waluhya. Waliotoka Maragoli na Tiriki walikuja na kanisa lao. Walisali karibu na nyumba za kampuni, kwa nyimbo na lugha ya nyumbani, na Mkutano wa Mwaka ulipotajwa fikira zao zilirudi Kaimosi. Machoni mwa jirani wa ng'ambo ya ua, kanisa hilo likawa la wageni.

Gharama ya kuitwa mgeni ilionekana baada ya matokeo ya urais kutangazwa Desemba 30, 2007. Wafanyakazi wa jamii za nje walishambuliwa mashambani, wengine wakauawa, maelfu wakatoroka. Mwezi uliofuata viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega kutafuta njia ya amani, na makundi yao ya upatanisho yakaingia kazini. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilielekezwa Lugari na Turbo, ambako waumini wao ni wengi. Nchi ya chai ilibaki pembeni.

Leo kuna jambo jipya. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono mingi, na Mei 2023 vijana wa Kericho waliteketeza kadhaa kati yake. Wenye mali nao wamebadilika; mashamba makubwa yameuzwa kwa kampuni ya Sri Lanka. Kibarua wa Vihiga aliyepoteza kazi na kijana wa Kikipsigis aliyeikosa wana lalamiko moja, pengine kwa mara ya kwanza tangu mti wa kwanza wa chai upandwe huko. Wasiposikilizana, mwanasiasa atamweleza kila mmoja kwamba adui yake ni mwenzake.

Kwa hivyo swali kwa Marafiki ni hili: kwa nini kikao chao cha mwaka kisiletwe kwenye mashamba yenyewe, na jirani wa Africa Gospel Church akaalikwa? Haiwezi kusemwa kwamba Bonde la Ufa ni mbali. Aprili 2012, miaka minne tu baada ya ghasia, Marafiki zaidi ya 800 kutoka pembe zote za dunia walikutana Chuo Kikuu cha Kabarak, karibu na Nakuru.

Kikao cha namna hiyo kingelazimika kuendeshwa kwa Kiswahili, si Kilogooli wala Kibukusu. Karani naye angelazimika kuandika malalamiko ya watu wasio wa kanisa lake, kisha ayasome kwa sauti mbele yao, wamwambie kama ameyaandika sawasawa.