Motere inapogonga asubuhi: ipimwe kwanza, ifunguliwe baadaye

Katika garaji nyingi za Goma, kutoka Birere hadi Ndosho, motere inayogonga wakati wa kuwashwa huhukumiwa kabla ya kupimwa. Fundi anainua kapo, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, kisha anasema: "Hii ni bieli." Kabla ya jioni motere iko chini vipande vipande, na mwenye gari ameanza kutafuta pesa ambazo hana. Desturi hiyo inawaumiza watu bure, na inafaa iachwe.

Kwa familia nyingi za mji huu, taksi ndiyo shamba. Ndiyo inayolipa chakula, nyumba na masomo ya watoto. Tangu benki za biashara zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, kupata mkopo wa kununua motere nyingine kumekuwa kugumu zaidi. Katika hali hiyo, kufungua motere ambayo haikuwa na ugonjwa wa kufunguliwa ni hasara kubwa kuliko zamani.

Ukweli ni kwamba kugonga si ugonjwa mmoja. Jambo la kwanza la kuuliza ni sauti inadumu muda gani. Ikigonga sekunde moja au mbili kisha ikanyamaza, mara nyingi tatizo ni mafuta kuchelewa kufika juu. Usiku mafuta hushuka chini ya motere. Ndani ya filta nzuri kuna kizuizi cha mpira kinachoyazuia yasirudi yote. Filta ya bei rahisi huenda haina kizuizi hicho, au mpira wake umekauka. Kwa hiyo asubuhi vyuma vinazunguka vikavu kwa muda mfupi, navyo vinalia. Mlio wa aina hiyo unaweza pia kutoka kwenye cheni iliyolegea, au kifaa kinachoikaza kikiwa kimechoka.

Ikigonga dakika chache kisha sauti ikapungua motere inapopata moto, huenda ni pistoni zilizoanza kuchezacheza ndani ya silinda. Gari la namna hiyo linaweza kufanya kazi muda mrefu likitunzwa. Lakini sauti nzito isiyoisha, inayoongezeka ukikanyaga mafuta, ndiyo ya kuogopwa. Hapo kusine za bieli zinaweza kuwa zimelika. Shoferi azime motere mara moja na gari livutwe. Akiendelea hata mpaka Sake, kazi ya kubadilisha kusine inaweza kugeuka kazi ya kutafuta motere nzima.

Magari ya mazuti yana sauti yao. Kugonga kidogo wakati wa baridi ni kawaida kwao, na sauti ikizidi, buji za kupasha moto na enjekta zichunguzwe kabla ya kushuku bieli.

Baada ya kusikiliza, kazi ianze na kilicho rahisi. Kwanza kijiti cha mafuta: kiwango kiko wapi, mafuta yana rangi gani, yananuka esanse? Pili, mafuta na filta vibadilishwe, kwa namba ambayo kitabu cha gari kinataka. Tatu, fundi afungue kihisio cha presha, afunge kipimo, asome presha motere ikiwa baridi na ikiwa moto. Presha ikiwa nzuri, aangalie cheni. Ikiwa chini sana, hapo ana sababu ya kushusha karteri na kutazama kusine. Anaweza pia kukata buji moja moja kwa muda mfupi: sauti ikipungua kwenye silinda fulani, amejua pa kutazama.

Kuna dawa moja ya barabarani inayopaswa kukataliwa: kumwaga mafuta mazito ili motere inyamaze. Kweli, sauti inaweza kupungua ikiwa moto. Lakini mafuta mazito huchelewa zaidi kupanda asubuhi, na motere za Toyota zenye VVT-i zina njia nyembamba za mafuta. Wauzaji wengine wa magari hutumia ujanja huo ili mnunuzi asisikie kitu. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye akili huomba kuwasha gari mwenyewe asubuhi, motere ikiwa bado baridi.

Mafundi watajibu kwamba mteja hataki kulipa kipimo. Wana haki kwa sehemu. Wenye magari wengi wa Goma wanalipa mikono ya fundi lakini hawalipi masikio yake. Wanabishania bei ya filta, wanasukuma vidanji mwezi hadi mwezi, huku gari likimeza vumbi la mawe ya volkano na kusimama kila mita hamsini kuchukua abiria. Kilomita zinaonekana chache, lakini motere imefanya kazi nyingi. Kwa matumizi magumu kama hayo, watengenezaji hushauri mafuta yabadilishwe mapema kuliko kawaida.

Basi pande zote mbili zibadilike. Garaji iweke bei ndogo ya kupima peke yake, hata kama matokeo ni kwamba hakuna cha kufungua. Mafundi jirani wasioweza kununua kipimo cha presha kila mmoja wachange wanunue kimoja. Mwenye gari naye aulize swali moja kabla ya kukubali motere ishushwe: presha ni ngapi? Fundi aliyepima atajibu kwa namba. Asiye na namba apewe muda wa kwenda kuitafuta, na funguo zake zibaki kwenye sanduku.