Mama Hajarogwa, Hedhi Inakoma

Akina mama wengi wa miaka 45 hadi 55 hufika kwetu wauguzi wakilalamikia kichwa, mgongo au moyo kwenda mbio. Wakipewa nafasi ya kusema, ndipo hutoka la ndani: hasira za ghafla, machozi bila sababu, usingizi umekwisha. Baadhi wamekwisha kupelekwa kwa mganga. Wengine wameambiwa na waume zao kwamba wamekuwa wakorofi, au na wakwe kwamba ni wivu.

Sisi tunasema wazi: mama huyo hajarogwa, wala hajawa mtu mbaya. Vifuko vyake vya mayai vinapunguza kazi, na homoni iitwayo estrojeni hupanda na kushuka kabla ya kupungua kabisa. Homoni hiyo haigusi mfuko wa uzazi peke yake, hugusa na ubongo. Joto humpanda kifuani na usoni. Usiku huamka amelowa jasho, mara tatu, mara nne. Nani akose usingizi juma zima kisha aamke anacheka? Hali hii huweza kuchukua miaka kadhaa, nayo huanza hedhi ikiwa bado inakuja, tena kwa kuvurugika. Huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuonekana. (Kabla ya hapo mimba bado inawezekana, jambo ambalo wengi husahau!)

Lakini tunapinga pia usemi wa pili, unaosikika hata katika zahanati: "Ni umri tu, vumilia." Huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, mama asifurahie chochote, hata wajukuu, asile, ajione hana faida, hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wenye tiba. Aliyewahi kuugua sonona, kwa mfano baada ya kujifungua, yuko katika hatari zaidi. Akitamka kwamba heri afe, aletwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Hospitalini hupimwa damu, maana hedhi nzito ya kipindi hiki hupunguza damu mwilini, na mtu huchoka na kukasirika upesi. Hitilafu ya tezi ya shingo nayo hufanana na haya. Tiba zipo: mazungumzo ya ushauri, dawa za sonona, na kwa baadhi homoni, ambazo daktari huamua baada ya kuuliza habari za saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia dukani hatuvipendi kabisa, mwili huvizoea.

Akina baba, tunawaomba mfuatane na wake zenu kliniki. Nyumbani mpunguzieni kuni na maji, na kahawa ya jioni iachwe. Tendo la ndoa likimletea maumivu asishurutishwe. Uke hukauka wakati huu, na hilo nalo lina dawa, ila wengi huona haya kulitaja mpaka waulizwe.