Transfobia: Neno na Matumizi Yake

Sehemu ya "fobia" katika neno "transfobia" ina asili ya Kigiriki: fobos, yaani hofu. Hata hivyo, leo hutaja chuki na ubaguzi dhidi ya watu wasiojitambulisha kwa jinsia waliyozaliwa nayo. Wapo wanaolipachika pia kwa yeyote asiyekubali nadharia ya jinsia. Hapo, kwa maoni yetu, neno hubebeshwa kupita kiasi. Tamko Dignitas Infinita la Aprili 2024 laikataa nadharia hiyo, na papo hapo laagiza kuepuka kila dalili ya ubaguzi usio wa haki, hasa ukatili. Basi ampigaye au kumtukana mtu wa namna hiyo hatetei mafundisho yoyote ya Kanisa. Tayari Oktoba 2023, Vatikani ilijibu kuwa aweza kubatizwa kwa masharti yaleyale ya waamini wengine, mradi pasiwepo makwazo.