Dejjem ya Malta na daima yetu

Kimalta kina kielezi kimoja ambacho hakistahili kuachwa: dejjem. Maana yake ni "daima", na kufanana kwa maneno hayo si sadfa. Yote mawili yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu d-w-m, wenye maana ya kudumu.

Waarabu waliiteka Malta mwaka 870. Wanormani wakafika mwaka 1091, na baada ya muda visiwa vikawa vya Kikatoliki kindakindaki, lakini lugha waliyoileta Waarabu haikuondoka. Ndiyo maana Mmalta anayesali kanisani hutaja il-ħajja ta' dejjem, yaani uzima wa milele, kwa neno ambalo jirani yake wa Tunis hawezi kukosa kulitambua. Sauti tu ndizo zilizogeuka: irabu ndefu ya dā'im ya Kiarabu imekuwa e, na konsonanti ya katikati imekazwa.

Mzizi huohuo umezaa vitenzi. Katika Kimalta, dam ni kuchukua muda mrefu, na aliyechelewa hupokewa kwa lawama: kemm domt! Kiswahili nacho kina dumu, tena wasemaji hukiunganisha na daima wakapata "daima dumu". Kule Malta kitenzi kimeegemea ucheleweshaji. Huku kimeegemea sifa, hasa siku ya harusi. (Wenye ndoa ndefu watajua kama tofauti ni kubwa.)

Atakayejaribu kulitamka neno dejjem asiisome j kama ya "jana". Ni y, tena ikazwe: deyyem.