Tela la trekta sio basi: mama, uliza breki kabla hujapanda (Sehemu ya 5)

Sehemu ya 4 tulimaliza bodaboda. Leo ni zamu ya tela la trekta, maana mavuno yameanza na najua wengi wenu mtalipanda: kwenda shamba, kurudi na magunia, kwenda mnadani, hata msibani.

Msimamo wangu nausema mapema. Tela lisilo na breki lisibebe mtu. Na mama ana haki ya kuuliza habari za breki hata kama hajawahi kushika usukani maishani mwake.

Huwa tunajipa moyo: "Aah, trekta lenyewe linatembea polepole." Jamani, kwenye tela ogopeni uzito. Piga hesabu na mimi. Magunia 50 ya kilo 100 ni tani 5. Matrekta mengi ya vijijini yana uzito wa tani 2 hadi 3 tu. Yaani anayevutwa ni mzito kuliko anayevuta. Kwenye tambarare mambo shwari. Mkianza kushuka kilima, mzigo unaacha kuvutwa, sasa unasukuma. Dereva anakanyaga breki, trekta linataka kusimama, tela linalisukuma kwa nyuma. Likisukuma kiupande, trekta linageuzwa, tela linajikunja, vyote vinalala. Na waliokaa juu ya magunia hawana mkanda wala pa kushika.

Tela nyingine breki zilikuwepo, ila mpira wa mafuta ulikatika misimu miwili iliyopita, wakaufunga kwa waya, safari zikaendelea. Ukiuliza unaambiwa, "Hili tumelizoea." Kuzoea hakusimamishi tani 5.

Sasa niongee kama nesi. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, hivyo akirushwa mara nyingi kichwa ndicho kinatangulia. Kumpakata hakutoshi: tela likisimama ghafla, mikono yako haina nguvu ya kumzuia. Na akidondoka kati ya trekta na tela, tairi la nyuma linakuja, dereva hata hamuoni. Ndiyo maana majeraha ya tela ni mabaya: paja kuvunjika, mguu kusagika, ubongo kuumia.

Najua jibu lenu: "Nesi, huku kwetu hakuna daladala." Ni kweli, na sitawaambia mbaki nyumbani mpunga uozee shambani. Lakini kuna mambo yako ndani ya uwezo wetu:

1. Uliza. "Kaka, tela lina breki?" Mwombe aende hatua chache, akanyage, muone matairi ya tela yanashika au hayashiki. Tazama pale trekta na tela vinapoungana: pini iwe nzima, iwe imefungwa isichomoke, na iwepo cheni ya akiba. Trekta lina pedeli mbili za breki, ya kulia na ya kushoto. Barabarani lazima ziunganishwe, la sivyo akikanyaga moja trekta linavuta upande mmoja.

2. Mzigo peke yake, watu peke yao. Wanawake 10 mkichangishana nauli ya gari moja kwa siku ya mavuno, kila mmoja anatoa kidogo. Kuchangia msiba tunaweza, hili litushinde?

3. Shukeni kwenye mteremko. Hili ndilo nalisisitiza kuliko yote. Kama hakuna usafiri mwingine, basi kabla ya kilima mwambieni dereva asimame, shusheni watoto, tembeeni kando ya barabara, nyuma ya tela. Mtachoka dakika 10. Sawa tu.

4. Asikae mtu kwenye chuma kinachounganisha tela, wala juu ya madigadi ya trekta, wala kileleni mwa magunia. Mtoto asirukie tela likiwa linatembea.

5. Dereva ashuke kilima na gia ndogo, ile ile ambayo angepandia, aiweke kabla hajaanza kushuka. Ukiona anaweka nyutro ili kubana mafuta, au ananuka pombe, mteremke.

Mnaoishi kando ya ziwa au baharini, haya yanawahusu pia. Tela la boti linaingizwa majini kila siku, na maji, hasa ya chumvi, yanakula breki kwa kutu pole pole bila kuonekana kwa nje. Lisuuzwe kwa maji baridi, likaguliwe. Na watoto wasipande ndani ya boti likiwa linavutwa, hata kama wanalilia.

Mtu akidondoka, msimnyanyue kwa kumvuta mikono. Damu ikitoka, bana kidonda kwa kitambaa safi na usiachie. Kama ameumia shingo au mgongo, asogezwe pale tu penye hatari, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka pamoja. Mtoto aliyegonga kichwa akatapika tena na tena, akawa na usingizi usio wa kawaida, akapata degedege, au akatoka damu au majimaji puani au masikioni, apelekwe hospitali muda huo huo. Msisubiri asubuhi.

Mwisho, neno kwa wenye matrekta. Kila msimu mnanunua dizeli, mnabadilisha oili, mnaziba pancha. Breki za tela zinabaki kuwa deni la msimu ujao. Wanaolipa deni hilo ni watoto wetu. Kwenye mkutano wa kijiji ujao, mama simama useme: tela lisilo na breki lisibebe watu kijijini kwetu. Ukiona aibu, nenda na shoga yako, msimame wawili.

Mtumie baba watoto hii. Halafu niandikieni hapa chini: tela za kwenu zina breki? Sehemu ya 6 tutaongelea watoto na visima vilivyo wazi.