Volkano ya Matope Si Volkano



Kuna jina moja ambalo naona linawapotosha wengi, hasa wanafunzi wetu. Jina lenyewe ni "volkano ya matope". Mtu akilisikia hudhani kwamba ni jamaa ya Kilimanjaro au ya Oldoinyo Lengai. Na Lengai huzidisha utata huo, maana lava yake ni nyepesi na nyeusi, hutiririka kama tope la masika. Lakini ile ni mwamba ulioyeyuka, wenye joto la nyuzi 500 na zaidi. Volkano ya matope ni kitu kingine, haihitaji mwamba ulioyeyuka hata kidogo.

Chanzo chake ni mito. Mito hubeba udongo laini wa mfinyanzi na kuutua baharini au ziwani, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Kama udongo ukirundikana upesi, maji yaliyomo ndani yake hukosa njia ya kutokea, kwa sababu mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, kama kila mfinyanzi wa vyungu ajuavyo. Mabaki ya mimea na viumbe yaliyofukiwa humo huoza na kupikwa na joto la chini, yakatoa gesi. Basi maji na gesi hubaki vimefungiwa huko, vikiwa vimebeba sehemu ya uzito wote ulio juu yake. Nikiwafundisha watoto huwaambia wafikirie chupa ya soda iliyotikiswa. Kizibo kikilegea tu, kila kitu hutafuta mlango mmoja. Ardhini mlango huo ni ufa, na kinachopanda ni maji, gesi, tope na vipande vya mawe vilivyong'olewa njiani. Nchini Azerbaijan, kando ya Bahari ya Kaspi, viko vilima vya namna hiyo kwa mamia. Tope lake mara nyingi ni baridi, ingawa gesi yake huweza kushika moto na kuwaka.

Sasa, ufa hufunguliwa na nini? Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu jibu lake limewagharimu watu nyumba zao.

Tarehe 29 Mei, 2006, katika wilaya ya Sidoarjo, kisiwani Java, Indonesia, tope la moto lilianza kububujika shambani, yapata mita 200 tu kutoka kisima cha kutafuta gesi. Halikukoma. Kuna wakati lilifikia mita za ujazo 180,000 kwa siku. Walijaribu kuliziba kwa kutumbukiza minyororo ya mapira ya zege, halikuzibika. Vijiji kadhaa, pamoja na mashamba, shule na misikiti, vilifukiwa, na watu wapatao 40,000 walihama. Mwezi Novemba mwaka huo huo ardhi ilititia, bomba la gesi likapasuka na watu 13 wakafa. Miaka mingi imepita na tope bado linatoka.

Waliokitetea kisima walisema kosa ni la tetemeko lililoipiga Yogyakarta siku mbili kabla. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mwaka 2013 tetemeko la kipimo cha 7.7 nchini Pakistan liliibua kisiwa cha matope baharini karibu na Gwadar, zaidi ya kilomita 300 kutoka lilikoanzia. Lakini tetemeko la Yogyakarta lilikuwa la 6.3, nalo lilikuwa kilomita 250 hivi kutoka Sidoarjo. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni nguvu mara 32 hivi, kwa hiyo lile la Pakistan lililizidi hili zaidi ya mara 100. Kwa upande mwingine, kisima kilikuwa kimefika mita 2,834, na bomba la chuma la kukinga kuta zake liliishia mita 1,091. Mita zaidi ya 1,700 zilikuwa wazi! Na siku moja kabla ya tope kutoka, maji ya chini yalikwisha kuingia kisimani kwa nguvu wakati keekee ikivutwa juu.

Mwezi Oktoba 2008 wataalamu wa miamba walikutana Cape Town wakapiga kura: 42 walisema ni kisima, 3 tetemeko, 13 vyote viwili, na 16 walisema ushahidi hautoshi. Ukweli wa ardhi hauamuliwi kwa kura, na ubishi uliendelea miaka mingi baadaye. Mimi nasimama na wale 42. Lakini tazama mwenye shamba alipata nini. Mwaka 2007 serikali ya huko iliiamuru kampuni inunue ardhi ya waliokuwa ndani ya mpaka uliochorwa kwenye ramani, na walio nje ya mpaka wakawa mzigo wa serikali. Mwaka 2009 polisi walifunga jalada. Malipo yalikuja kidogo kidogo, hata ikabidi mwaka 2015 serikali iikopeshe kampuni fedha ili imalize deni. Miaka tisa mtu anangoja wasomi wakubaliane!

Sisi nasi tunachimba. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Sisemi kwamba kusini kwetu kuna tope linalongoja kutoka, na wala sipingi kuchimba, maana gesi hiyo inatupa umeme. Ninachoomba kwa wahusika ni hiki: kabla mtambo haujasimama karibu na kijiji, wanakijiji waelezwe mkutanoni, kwa Kiswahili, kisima kitakwenda kina gani, bomba la kukinga kuta litashushwa hadi wapi, na ardhi ikiharibika nani atalipa na katika muda gani, bila kungoja chanzo kiamuliwe. Majibu hayo yaandikwe, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa.